Sumaku na umeme: mwongozo kamili wa kujaribu kwa mikono, kuanzia sindano hadi mota na jenereta ndogo

Umeme ukipita kwenye waya, waya hugeuka sumaku. Sumaku ikisogea karibu na waya, waya hutoa umeme. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoendesha pangaboi, pampu ya maji, spika ya redio, magneto ya bodaboda na mitambo tisa ya kufua umeme ya bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, kila mmoja megawati 235. Ukubwa unatofautiana, kanuni haibadiliki.

Hapa chini kuna majaribio ya kufanya mezani, yamepangwa ili kila moja likusaidie kulielewa linalofuata. Ukiyafanya kwa mpangilio huu, ukifika kwenye mota hutauliza kwa nini inazunguka. Kosa la wengi ni kurukia mota moja kwa moja, inagoma, halafu lawama anatupiwa betri.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Sumaku. Spika mbovu ina sumaku nyeusi ya duara yenye tundu katikati. Hiyo ni feraiti: ina nguvu ya wastani na hupasuka kama kigae ukiipiga nyundo. Ncha zake, kaskazini na kusini, ziko kwenye nyuso mbili za bapa, haziko pembeni. Diski kuu mbovu ya kompyuta (hard disk) ina sumaku mbili za neodimiamu zenye nguvu kubwa, zilizobandikwa kwenye vibao vya chuma, na hizo ni nzuri kwa kunasia vitu. Ila uso mmoja wa sumaku hizo una ncha zote mbili, upande huu kaskazini na upande ule kusini, kwa hiyo hazifai kwa jenereta ya mwisho wa mwongozo huu. Kwa kazi ile tafuta vidonge vinne vya neodimiamu vya duara, kipenyo milimita 12 na unene milimita 5.

Usifungue oveni ya maikrowevu kutafuta sumaku. Ndani yake kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa plagi.

Waya. Unahitaji waya wa shaba wenye vanishi, ule wa kusukia mota. Maduka ya vifaa vya kusuka mota huuuza kwa uzito na huutaja kwa namba ya geji: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Chukua aina tatu:

- geji 27 (karibu mm 0.4), mita 10, ambazo ni gramu 11 hivi;
- geji 24 (karibu mm 0.56), mita 2, kwa ajili ya mota;
- geji 36 (karibu mm 0.2), gramu 25, kwa jenereta na kwa jaribio la mwisho.

Angalia usiuziwe waya bandia. Waya wa chuma uliopakwa shaba utanaswa na sumaku, kwa hiyo huo ni rahisi kuujua. Kuna mwingine mjanja zaidi: aluminiamu iliyopakwa shaba. Sumaku haiushiki kabisa. Ukwangue kwa kisu. Ndani ukiona weupe badala ya wekundu, si shaba. Unafanya kazi, lakini ukinzani wake, yaani kiasi unavyozuia umeme kupita, ni mkubwa zaidi, hukatika kirahisi na hesabu za hapa chini hazitakubali.

Betri. Betri mbili kubwa za tochi, za volti 1.5, za alkalini ukizipata. Zile za kawaida za bei nafuu huanza vizuri kisha huchoka ndani ya dakika chache, kwa sababu majaribio haya hunyonya mkondo mkubwa.

Vingine: multimita (kifaa cha kupimia umeme), msasa laini, msumari wa inchi 4, sindano ya kushonea, pini za ofisi, pini mbili kubwa za nepi, selotepu, taa mbili ndogo nyekundu za LED, kipande cha bomba jeupe la mm 20 la kupitishia nyaya ukutani.

Mambo ya hatari

Usitumie betri ya simu, ya kompyuta wala ya pikipiki. Koili (waya uliozungushwa raundi nyingi) fupi ya shaba ina ukinzani mdogo mno, na betri hizo zinaweza kusukuma makumi ya ampea. Waya utakuwa mwekundu, na betri ya lithiamu inaweza kushika moto. Usiunganishe koili yoyote ya hapa na soketi ya ukutani.

Vidonge vya neodimiamu viwe mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza viwili, hunasana huku ukuta wa utumbo ukiwa katikati, na utumbo hutoboka. Apelekwe hospitali papo hapo, hata kama halii. Mtu mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asizisogelee. Kadi za benki zenye ukanda mweusi nazo ziweke mbali.

Kuijua sumaku kwanza

Weka sumaku juu ya meza, funika kwa karatasi nyeupe, nyunyiza unga wa chuma kisha gonga karatasi taratibu kwa kidole. Unga hujipanga kwa mistari inayotoka ncha moja na kurudi kwenye nyingine. Eneo hilo linaitwa uga wa sumaku, na mistari ikibanana ujue hapo nguvu ni kubwa.

Unga huo unaupata kwa fundi wa kuchomelea, chini ya mashine yake ya kukatia. Umechanganyika na mchanga wa jiwe la kukatia, kwa hiyo funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya uchafu, kisha geuza mfuko na kuichomoa sumaku: chuma kinabaki ndani, mchanga umebaki chini. Usiache unga uguse sumaku yenyewe. Ukishagusa, utaukwangua kwa selotepu mchana kutwa.

Kinachonaswa na sumaku ni chuma, nikeli, kobalti na baadhi ya michanganyiko yake. Shaba, aluminiamu, dhahabu, fedha na risasi havinaswi, na ndiyo maana wanunuzi wa chuma chakavu hutembea na sumaku ya spika mfukoni. Chuma cha pua ni mtihani: kuna kinachonaswa na kisichonaswa, kutegemea kimechanganywa na nini.

Sasa tengeneza dira.

1. Shika sindano kwa upande wa tundu. Chukua ncha moja ya sumaku, isugue kutoka tundu hadi kwenye makali, inua juu, rudi kwenye tundu, sugua tena. Mara 30, upande mmoja tu. Ukisugua kwenda na kurudi, unajenga na kubomoa.
2. Kata kipande cha ndala ya zamani chenye ukubwa wa sarafu, choma sindano ipite katikati kwa ulalo.
3. Kiweke kielee kwenye bakuli la plastiki lenye maji. Sufuria ya chuma au meza yenye miguu ya chuma itaivuruga.

Sindano itageuka na kulala kaskazini na kusini. Ili kujua upande upi ni kaskazini, simama asubuhi jua likiwa linachomoza mkono wako wa kulia, unatazama kaskazini. Weka alama ya wino kwenye ncha inayotazama huko.

Kilichotokea ni kwamba chuma tayari kimejaa visumaku vidogo visivyohesabika, vikielekea huku na huku na kufutana. Kusugua huvipanga vitazame upande mmoja. Ukiipiga sindano kwa nyundo au ukiichoma hadi iwe nyekundu, mpangilio unavurugika na usumaku unakwisha. Chuma kikifika nyuzi joto 770 za Selsiasi hukosa usumaku kabisa. Neodimiamu ya kawaida huanza kudhoofika kwenye nyuzi 80 tu, hivyo usiilehemu wala kuigandisha kwa gundi inayochemka.

Jambo moja la huku kwetu: Afrika Mashariki iko kusini mwa ikweta ya sumaku ya dunia, inayopita Ethiopia. Kwa hiyo uga wa dunia hapa haulali sawa na ardhi. Upande wa kusini wa sindano huvutwa chini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ambako upande wa kaskazini ndio unaovutwa chini, hapa huweza kukaa kimshazari na kukwaruza. Haijaharibika.

Waya wenye umeme ni sumaku

Mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen alitangaza kwamba waya wenye mkondo huigeuza sindano ya dira. Kabla ya hapo umeme na sumaku vilihesabiwa kuwa vitu viwili. Jaribio lake linafanyika kwa nusu dakika.

Nyoosha waya wa geji 27, kama sentimita 40, upite juu ya dira yako kwa umbali wa sentimita 1, ukifuata mwelekeo uleule wa sindano, yaani kaskazini hadi kusini. Kwangua vanishi kwenye ncha zote mbili, gusisha kwenye betri moja kwa sekunde mbili tu. Sindano inaruka pembeni. Geuza betri, nayo inarukia upande wa pili. Pitisha waya chini ya bakuli badala ya juu, inageuka kinyume tena.

Sindano ikikataa, angalia mambo mawili. La kwanza ni vanishi: ina rangi ileile ya shaba na inadanganya macho. Kwangua hadi waya ung'ae pande zote, kisha pima kwa multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Ikisoma wazi, yaani haioni njia ya umeme, hujamaliza kukwangua. La pili ni mwelekeo wa waya. Ukiuweka waya mashariki hadi magharibi, uga wake unalala kwenye mstari uleule wa sindano, na sindano haina sababu ya kwenda pembeni. Wengi hutupa betri nzima kwa kosa hili.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mkondo ni ampea 1.5: kwa umbali wa sentimita 1, hutoa uga wa maikrotesla 30 (maikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Ile sehemu ya uga wa dunia inayolala sawa na ardhi katika maeneo yetu nayo ni karibu 30. Nguvu mbili zinazolingana, moja ikivuta kaskazini na nyingine pembeni: sindano inasimama katikati, karibu nyuzi 45. Ukisogeza waya hadi sentimita 2, uga wake unashuka nusu.

Kujua upande, shika waya kwa mkono wa kulia, dole gumba likielekea mkondo unakokwenda, kutoka chanya kwenda hasi. Vidole vinne vilivyokunjwa vinaonyesha uga unavyozunguka waya.

Sumaku-umeme ya msumari

Waya mmoja hutoa uga dhaifu. Ukiuviringisha, uga wa kila raundi unajumlishwa na wa mwenzake, na ukiweka chuma katikati, vile visumaku vya ndani vinajipanga na kuongeza nguvu mara nyingi.

Msumari unaofaa ni wa kawaida wa mbao. Msumari wa zege ni chuma kigumu: ukikata umeme hubaki na usumaku na pini haziachii. Hata wa mbao unaweza kulainishwa zaidi. Uzike kwenye makaa ya jiko, pepea hadi uwe mwekundu, kisha ufukie kwenye majivu upoe wenyewe hadi asubuhi. Usiutumbukize majini, hapo unaurudisha kwenye ugumu.

1. Zungushia msumari karatasi moja na selotepu. Karatasi inazuia kingo za msumari kukwaruza vanishi. Vanishi ikikwaruzwa sehemu mbili, umeme unapita njia ya mkato kupitia chuma na raundi za katikati zinakuwa pambo.
2. Acha sentimita 15 za waya, anza karibu na kichwa, zungusha raundi ikigusa raundi, bila kupandana. Raundi 100 zinachukua kama sentimita 4.5.
3. Rudi na tabaka la pili, raundi nyingine 100, ukizungusha upande uleule. Hapa ndipo watu hupotea: ukirudi, mkono usibadilishe upande wa kuzungusha. Ukibadilisha, tabaka la pili linafuta la kwanza na msumari hauvuti kitu.
4. Funga kwa selotepu, kwangua ncha, pima. Utakuwa umetumia kama mita 3.6 na ukinzani uwe karibu omu 0.5. Multimita za kawaida hazisomi vizuri hapo, zenyewe husoma 0.2 hadi 0.3 ukigusanisha nyaya zake. Toa hiyo kwanza.
5. Gusisha betri moja, sekunde tano kwa wakati, ukinyanyua pini.

Nguvu ya sumaku-umeme hupimwa kwa ampea zidisha raundi. Betri ina ukinzani wake wa ndani, tuseme omu 0.3. Ukijumlisha na 0.5 ya waya unapata 0.8, na volti 1.5 zinasukuma kama ampea 1.9. Zidisha kwa 200: karibu 375.

Sasa jaribu kuongeza raundi hadi 400. Waya unakuwa mrefu zaidi ya mara mbili, kwa sababu matabaka ya nje ni mapana, na ukinzani unafika kama omu 1.1. Jumla na betri ni 1.4, ampea zinashuka hadi 1.07. Zidisha kwa 400: kama 430. Umeongeza waya maradufu na kupata nguvu asilimia 15 tu. Faida halisi ni kwamba betri sasa inanyonywa karibu nusu ya mwanzo, na koili haipati moto haraka.

Ukitaka kuona kwamba raundi zenyewe zina nguvu, usikate waya. Zungusha 50 kwenye msumari huku waya wote uliobaki ukiwa umelala mezani lakini umo kwenye mzunguko, nyanyua pini, kisha zungusha 100, kisha 200. Urefu wa waya ni uleule, ampea ni zilezile, kinachobadilika ni raundi peke yake.

Kuna mpaka. Chuma hushiba: visumaku vyote vikishajipanga, kuongeza ampea kunaongeza joto tu. Pia nafasi ndogo ya hewa inaua nguvu. Weka karatasi moja kati ya ncha ya msumari na kipande cha chuma uone tofauti. Chonga ncha kwa tupa iwe bapa na safi. Ukikunja nondo nyembamba iwe kama herufi U na kusuka miguu yote miwili, ncha zote mbili zinavuta kitu kimoja na mzigo unaobebeka unapanda sana. Miguu iwe na ncha tofauti, mmoja kaskazini na wa pili kusini. Pima kwa dira kabla ya kubandika selotepu.

Utaona pia kwamba ukiachanisha waya na betri, cheche hutokea, na ukiwa umeshika ncha zote mbili unaweza kushtuliwa. Volti 1.5 haishtui mtu. Kinachokushtua ni uga unaoporomoka ghafla na kuzaa volti kubwa ndani ya koili yenyewe. Kwenye saketi zenye rilei (swichi inayovutwa na sumaku-umeme), volti hii ndiyo inayoua transista inayoiwasha. Dawa yake ni diodi 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyowekwa sambamba na koili, mstari mweupe ukielekea upande wa chanya.

Mota ya pini mbili

1. Chukua waya wa geji 24. Zungusha raundi 12 kwenye kizibo cha chupa ya plastiki ya soda, chomoa, funga pande mbili kwa kuzungusha ncha za waya. Acha sentimita 4 kila upande, zikitazamana kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hiyo ndiyo ekseli.
2. Ncha ya kwanza: kwangua vanishi yote, pande zote.
3. Ncha ya pili: simamisha koili wima kama sarafu iliyosimama kwa ukingo, laza waya kwenye ukingo wa meza, kwangua nusu ya juu tu. Nusu ya chini ibaki na vanishi.
4. Bana pini mbili za nepi kwenye ncha za betri kwa mpira wa manati, vitundu vikiwa juu. Pitisha ekseli kwenye vitundu.
5. Weka sumaku juu ya mwili wa betri, chini ya koili, ukiacha milimita 3 hadi 5. Sukuma koili kidogo kwa kidole.

Siri yote iko hatua ya 3. Koili yenye mkondo ni sumaku, inajaribu kujilaza sambamba na uga wa ile iliyo chini. Umeme ukiendelea kuwaka muda wote, ikishajilaza inasimama hapo, au inayumba huku na huku kama pendulamu. Nusu yenye vanishi inazima umeme kwa nusu mzunguko. Koili inapita kwa mwendo wake wenyewe, kisha inawashwa tena. Kwenye mota kubwa za umeme wa betri kazi hiyo hufanywa na komutata (pete ya shaba iliyogawanywa vipande kwenye ekseli) na kaboni zinazoigusa.

Ikigoma, fuata mpangilio huu. Inayumba bila kuzunguka: umekwangua ncha zote kabisa. Haisogei hata kidogo na betri haipati moto: hakuna mguso, vanishi bado ipo au pini zina rangi. Haisogei na betri inapata moto: umeme unapita, lakini sumaku iko mbali au ni dhaifu. Inazunguka ikiwa inaruka: ekseli imepinda, uzito umeegemea upande mmoja, na hapo kuinyoosha kwa uvumilivu ndiyo kazi yote. Inazunguka nusu dakika kisha inachoka: betri. Koili hii ina ukinzani wa omu 0.1 hivi, kwa hiyo usiiache imesimama kwenye pini bila kuzunguka.

Jenereta ya kutikisa

Miaka 11 baada ya Ørsted, mwaka 1831, Michael Faraday wa London alipata upande wa pili wa habari: sumaku ikisogea ndani ya koili, umeme hutoka. Neno lenye uzito hapo ni ikisogea. Sumaku kubwa iliyotulia ndani ya koili haitoi chochote hata ukingoja mwaka.

1. Kata bomba la mm 20, urefu sentimita 15. Katikati gundisha vibao viwili vya duara vya boksi, vikiachana mm 20.
2. Kati ya vibao hivyo suka raundi 1,000 za waya wa geji 36, upande mmoja, bila kuuvuta sana. Waya wa mm 0.2 hukatika bila kutoa sauti. Utatumia kama mita 70, gramu 20. Ukihesabu raundi 100 kwa 100 na kuandika kwenye karatasi hutapotea.
3. Pima ukinzani. Kati ya omu 35 na 45 ni sawa. Ikisoma wazi, waya umekatika au ncha hazijakwanguliwa. Ncha za waya huu zikwangue kwa msasa laini uliokunjwa kati ya vidole, maana wembe utazikata.
4. Unganisha LED mbili nyekundu sambamba, zikipishana: mguu mrefu wa hii na mfupi wa ile. Ziunganishe na ncha za koili.
5. Ingiza vidonge vinne vya sumaku vikiwa vimenasana kama mnara, ziba ncha za bomba kwa vipande vya ndala. Bila vipande hivyo sumaku zitapasuka siku ya kwanza.
6. Tikisa kwa nguvu.

LED zinawaka kwa zamu, moja sumaku ikiingia kwenye koili, nyingine ikitoka. Umeme unaobadilisha mwelekeo namna hii ndio huu wa majumbani, isipokuwa wa majumbani hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Ndiyo maana jenereta ndogo ya petroli yenye ncha mbili za sumaku inapaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika: 50 zidisha 60.

LED nyekundu inahitaji kama volti 1.8. Ukitikisa polepole hazifiki, ukiongeza kasi maradufu volti nazo zinapanda maradufu. Multimita haitakupa namba iliyotulia hapa, usihangaike nayo. Zikiwa haziwaki kabisa, hakikisha vidonge vimenasana kwa kuvutana na havijalazimishwa kwa gundi zikisukumana, na kwamba hujatumia LED nyeupe, ambazo hutaka karibu volti 3.

Kuna jambo linaloonekana mara chache. Inamisha mfuniko mzito wa sufuria ya aluminiamu, teremsha kidonge cha neodimiamu juu yake. Aluminiamu hainaswi na sumaku, lakini kidonge kinateremka polepole kama kimepakwa asali. Sumaku inayosogea inazaa mikondo ndani ya aluminiamu, na mikondo hiyo inazaa sumaku inayopinga mwendo. Mita za umeme za zamani, zile zenye sahani inayozunguka, zilitumia hilo: koili ziliisukuma sahani ya aluminiamu na sumaku ya kudumu ikaikamata breki, kasi ikalingana na umeme unaotumika.

Koili mbili kwenye msumari mmoja

Rudi kwenye msumari wako wa raundi 200. Juu yake, baada ya tabaka la selotepu, suka raundi 400 za geji 36, kama mita 10. Koili hii ya pili usiiunganishe na betri; iunganishe na zile LED mbili zinazopishana. Hakuna waya unaotoka koili moja kwenda nyingine.

Zima taa ya chumbani. Gusisha koili ya kwanza kwenye betri: LED moja inaweza kumweka kidogo sana, au isimweke. Shikilia waya kwenye betri: giza, ingawa mkondo wa ampea karibu 2 unapita na msumari umenasa pini zote. Achanisha: LED ya pili inapiga mmweko mkali. Uga ulijengwa taratibu kidogo ulipogusisha, ukaporomoka ghafla ulipoachanisha, na koili ya pili inajali kasi ya mabadiliko tu.

Ndivyo transfoma ya mtaani inavyofanya kazi, na ndiyo sababu inadai umeme unaobadilika kila wakati. Volti 11,000 au 33,000 zinaingia koili yenye raundi nyingi, 400 zinatoka koili yenye raundi chache, na kati yao kuna chuma na uga tu. Chuma hicho hukatwa vibati vyembamba vilivyopakwa vanishi, kwa sababu kingekuwa kipande kimoja kingepata ile mikondo ya mfuniko wa sufuria na kuchemka. Ule mngurumo unaousikia ukipita chini ya nguzo ni vibati hivyo vikirefuka na kufupika kidogo mno kila uga unapopanda na kushuka, mara 100 kwa sekunde.